Mgeni Asiyetajwa

Nilipokuwa mtoto wa kuangalia kuku wa bibi yangu, kule Mgwashi, wanyama wengi niliwajua kwa majina ya mchana tu. Jua likishavuka mgongo wa mlima, majina yale yalikuwa yanafungiwa ndani pamoja na mbuzi. Chui, fisi, kicheche, paka pori, hata mwewe ambaye jioni hana kazi, wote walikuwa na jina moja: mgeni. Bibi alisema mnyama anayekula mifugo ana masikio marefu kuliko yanavyoonekana. Ukimtaja jioni umemwita, na anayeitwa huja. Basi asubuhi akiona nyayo uani anasema tu, mgeni alipita, na sisi wote tunajua si mtu wa kuchemshiwa chai.

Sijui kama nyumba nyingine walifanya hivyo. Mimi nilidhani dunia nzima inafanya. Mtoto anadhani ya kwao ndiyo ya watu wote, na hilo ndilo lililoleta haya.

Mimi darasani sikukaa hata siku moja. Ile amri ya kila mtoto apelekwe shule ilipokuja, nilikuwa nimeshaolewa. Nilichojaliwa ni kukumbuka magomvi. Katika ukoo wetu mtu akitaka kujua kwa nini fulani hali kwa fulani, au kwa nini mgomba ule wa mpakani hauguswi, anakuja kwangu. Wenzangu wamerithi mashamba, mimi nimerithi magomvi. Mengine nayatunza, mengine nayaacha yafe njaa. Hili la kuku ndilo la kwanza kulijua tangu mwanzo hadi mwisho, maana mwanzo wake ni mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ujamaa ukiwa mpya. Watu waliambiwa watoke huko vileleni walikotawanyika, washuke wakae pamoja, walime pamoja. Sisi hatukuhama, kijiji ndicho kilichotufuata. Tulizoea kuitana kwa sauti kutoka mlima hadi mlima, na sasa unamsikia jirani anavyokoroga uji. Bibi alisema ni vizuri, ukiugua utasikika. Ila alisema pia kwamba ukigombana utasikika vilevile.

Katika waliokuja alikuwepo mama mmoja wa upande wa Kwamkoro, kwenye chai. Tulimwita Mama Halima, kwa jina la binti yake mkubwa, aliyekuwa rika langu. Mumewe alikuwa mchuma chai, akafa kwa kifua, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Mama yake mzazi alizaliwa huku kwetu, ndiyo maana akaja. Kijiji kikampa kiwanja chini ya kwetu, kando ya mto, mahali msitu unapoanzia. Wao watu wa msikitini, sisi watu wa kanisani, hilo halikumsumbua mtu. Kijiji kizima kikawaita wageni. Si kwa ubaya. Mtu aliyefika juzi utamwitaje?

Kiwanja kile kilikuwa na mtu aliyekipenda kabla yake. Baba mdogo Zakaria, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa amepanda viazi pale misimu miwili, akakizoea kama kanzu ya siku zote. Walipompa Mama Halima, hakusema kitu. Alikwenda kung'oa viazi vyake, akarudi, akala, akalala. Mimi leo ningejua hapohapo kwamba kuna jambo. Gomvi linalosemwa lina dawa. Lile la kunyamaza ndilo linaloatamia.

Sasa dada yake bibi akaugua huko Bumbuli, na bibi akaenda kumuuguza. Mimi akaniacha chini ya Baba mdogo, aliyekuwa na nyumba yake uani hapohapo. Kuku akanikabidhi mimi. Alinisimamisha mlangoni akasema, "Nikirudi nataka nikute mikia ileile niliyoiacha." Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Nilijiona nimepewa nchi.

Bibi alikuwa anawaita kuku wake ovyoovyo, au ndivyo nilivyoona. Leo anawaita mapema, kesho wamesahauliwa mpaka giza linaanza, siku nyingine anawamwagia pumba jikoni, siku nyingine nyuma ya migomba. Mimi nikaona huu ni uzee, nikasema nitaweka utaratibu. Nikachukua sahani ya bati iliyotoboka. Kila jioni, moshi wa majirani ukianza kupanda, nagonga sahani kwa kijiti, naita kuru, kuru, kuru, namwaga pumba palepale kando ya maharage. Hazikupita siku nyingi kuku wakajua. Sahani ikilia tu, wanakuja mbio wamekunjua mabawa, kwa njia moja, mmoja nyuma ya mwenzake. Wanawake waliokuwa wakipita walinisifu. Walisema kuku wa huyu mtoto Naomi wanajua saa kama makarani wa Lushoto. Nikavimba kichwa.

Asiyewafuata alikuwa Kishingo peke yake, yule kuku mzee asiye na manyoya shingoni. Yeye alikuwa anapanda juu ya mti wa peasi jua lingali kali, anakaa huko, ananiangalia nagonga sahani kama mtu anayemwangalia mlevi akiimba. Nilimchukia kwa sababu alikuwa ananiharibia hesabu.

Wa kwanza kupotea alikuwa yule mwenye manyoya ya kujikunja. Nikasema amelala nje. Siku chache baadaye akapotea mweupe. Wa tatu nilimwona anavyokwenda. Nilikuwa nimeshika sahani mkononi, kuku wanakuja kwa ile njia yao, na yule wa nyuma kabisa akadondoka ndani ya maharage kama mtu aliyevutwa miguu. Nikaona bawa linaburutwa, nikaona mkia wenye pete nyeusi. Paka pori. Akaingia kwenye mfereji, akatokea chini, akapenya ua wa Mama Halima kuelekea msituni.

Kesho yake Baba mdogo akakuta manyoya kwenye ule ua, karibu na jiko la Mama Halima. Akayaokota moja moja akayatia ndani ya kofia yake, akaenda nayo kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi wetu alikuwa kijana wa ng'ambo ya bonde, mtu wa haki, anayependa kila jambo lifuate mstari. Alikuja kwetu jioni akitoka shambani. Jua lilikuwa limeshavuka mlima, na mimi nililiangalia hilo kabla ya kufungua mdomo, kama nilivyofundishwa. Akachuchumaa tulingane macho.

"Binti, usiogope. Aliyechukua kuku umemwona?"

Nikasema nimemwona.

"Ni nani?"

"Mgeni."

Akauliza, "Amepita wapi?"

Nikanyoosha mkono kule chini, kwa kina Halima.

Balozi alishusha pumzi kama mtu aliyepewa mzigo asioutaka. Nami nikamwangalia Baba mdogo, maana nilijua balozi si wa nyumba yetu, huenda anahitaji kufafanuliwa. Baba mdogo alilelewa na bibi yuleyule. Neno lile alilishwa kabla ya ugali. Aliniangalia mara moja, halafu akainama akaanza kufuta tope mguuni. Mguu haukuwa na tope.

Mimi bado sikujua nimefanya nini. Nililala vizuri kabisa.

Nilikuja kujua asubuhi mtoni. Wanawake walikuwa wanachota, Mama Halima naye yupo, na mmoja wao akamuuliza kwa sauti ya upole upole, kwenu siku hizi mchuzi ni wa nini, wa kwako au wa watu? Wengine wakacheka puani. Mama Halima akajaza debe lake mpaka juu, akajitwisha, akaondoka bila kumwaga tone. Halima akabaki nyuma yake kidogo. Akaniambia, "Umesema mama yangu mwizi."

Nikamwambia sikusema hivyo.

"Balozi mwenyewe anasema umesema mgeni."

Hapo ndipo lile neno liliponigeukia. Nililiona lina uso mwingine ambao sikuwa nimewahi kuuona. Maji niliyochota niliyaacha palepale.

Jambo likapangiwa siku. Litazungumzwa mbele ya watu wote, siku ya shamba la ujamaa, watu wakimaliza kulima. Ikithibitika, kiwanja kinarudi kijijini na yeye aondoke. Kila mtu alijua kwamba hana pa kuondokea kwenda. Kwamkoro hakuna nyumba, na huku ndugu za mama yake walishakufa wote. Na Baba mdogo alikuwa ameshatandaza mbegu zake za viazi uvunguni mwa kitanda, zimeanza kuchipua.

Mtaniuliza kwa nini sikukimbia kwa balozi siku ileile. Nilitaka. Lakini balozi alikuwa anapatikana jioni tu, na jioni ndiyo saa ya kutotaja. Nikisema paka pori, nimemwita. Na jikoni kwetu alikuwepo kuku mweusi, kipenzi cha bibi, anaatamia. Nilimwona kabisa akilini paka akitokea mlangoni kwa sababu ya mdomo wangu. Jingine ni kwamba nilijaribu kumwambia Baba mdogo, naye hakunipiga wala hakunikaripia. Alisema tu, "Ulichosema umeshasema. Ukigeuza maneno wataniambia mwanetu ni mwongo, na bibi yako ndiye atakayeaibika." Mtu mzima akikwambia hivyo kwa sauti ya chini, inauma kuliko kofi.

Bibi alirudi siku mbili kabla ya ule mkutano. Akahesabu mikia kwa macho, akaniangalia. Nikamwaga yote, na machozi, na kamasi. Alisikiliza hadi mwisho akiwa bado na mzigo wake kichwani. Hakuniuliza kuhusu Baba mdogo hata kidogo. Alisema tungoje jioni.

Jioni ilipofika akanikalisha ndani ya mlango wa jiko, akanipa sahani. Akaniambia nigonge kama siku zote lakini nisitoke. "Kuku usiwaangalie," alisema. "Angalia maharage."

Nikagonga. Kuku wa kwanza alikuwa hajanyanyua hata mguu. Maharage yakatikisika kidogo, yakatulia, na pale mwisho wa tuta yakainuka masikio mawili. Alikuja na kukaa ameelekea ile njia ya kuku, mkia ameuzungushia miguu, kama mtu aliyealikwa na anajua chakula kiko njiani. Bibi alimtupia ukuni. Akaondoka bila haraka.

"Ulikuwa unawaita wawili," bibi akasema. "Kuku wameijua sahani, na yeye ameijua."

Kisha akaniuliza kama nilidhani yeye ni msahaulifu, anavyoita kuku leo saa hii kesho saa ile. Nikainamia sahani, maana ndivyo nilivyodhani. Akacheka. Akasema mgeni hajaenda shule lakini anasoma, na darasa lake ni sisi. Ukifanya jambo moja mara tatu ameshalishika. Akanionyesha Kishingo kule juu ya peasi. Yule, alisema, si mkaidi. Yule ameishi na mgeni miaka mingi, amemsoma na yeye. Wenzake wote waliozaliwa pamoja naye walikuwa wepesi wa kuitika.

Nimeyafikiria sana maneno hayo tangu nimekuwa mtu mzima. Bibi hakukosea aliposema ukimwita anakuja. Mimi nilidhani anaitwa kwa jina. Kumbe niliita kwa sahani, kila siku, saa ileile, na alikuja. Wazee wengi wanaficha jambo la kweli ndani ya mwiko, kwa sababu mtoto hashiki jambo, anashika mwiko.

Nilidhani sasa bibi atakwenda kwa balozi amalize. Hakwenda. Alisema, "Neno limetoka kinywani mwako. Nikilirudisha mimi, watasema bibi anamfichia mjukuu wake. Nenda kwanza kwa mwenyewe."

Nilikwenda asubuhi ya siku yenyewe ya mkutano, ukungu umeshika mpaka chini, siuoni mto. Nikapiga hodi. Mama Halima akafungua mlango nusu, akasimama pale katikati, hakunikaribisha. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini baridi.

"Mama Halima, sikukusema wewe."

Aliniangalia mpaka nikataka kukimbia. "Kama hukunisema mimi," alisema, "mimi unaniambia ya nini? Kawaambie waliosikia." Akafunga mlango. Nikarudi juu kwetu nalia, nikiamini kwamba amenichukia na ana haki.

Alasiri watu walimaliza tuta la mwisho la shamba la ujamaa, wakakaa palepale ukingoni, wengine juu ya mipini ya majembe yao. Manyoya yaliwekwa kwenye jani la mgomba katikati. Mama Halima alikuwa amesimama pembeni na mtoto wake mdogo mgongoni. Balozi alieleza kwa utaratibu, hakuongeza chumvi. Halafu akaniita nirudie nilichomwambia. Bibi alikuwa amekaa kwa wanawake, anaangalia jembe lake kama vile mimi si wake.

Nikatazama mlima. Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili. Si watu niliowaogopa. Nilimwogopa yule wa kwenye maharage.

Nikasema, "Mgeni ni paka pori."

Bibi mmoja mzee akafyonya. Nikaendelea kabla sijakosa pumzi. Nikasema kwetu jioni hatumtaji, tunasema mgeni. Kwamba nilimwona na mkia wake. Kwamba sasa nimemtaja.

Balozi akauliza, "Kwa hiyo siku ile ulisema mnyama?"

Nikasema ndiyo.

Akageuka polepole kwa Baba mdogo. "Zakaria, nawe umelelewa nyumba hiyohiyo."

"Nimelelewa."

"Neno hili ulikuwa hulijui?"

Baba mdogo alichora ardhi kwa ncha ya jembe. Alichora muda mrefu. Angeweza kusema alisahau, na watu wangempokea, maana kila mtu alitaka kupokea. Lakini alikuwa mtoto wa bibi pia, na bibi alikuwa amekaa pale. "Nilikuwa nalijua," akasema.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mimi magomvi nimeyaona mengi, na saa kama ile ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu ameshaumbuka, na waliobaki wanatafuta jiwe. Hata yule mwanamke wa mtoni alikuwa ameshavuta pumzi ya kusema.

Mama Halima ndiye aliyemtangulia. Alisema, taratibu tu, kama mtu anayeongea na mtoto aliye mgongoni, "Hata kwetu Kwamkoro jioni hatumtaji. Sisi tunamwita shemeji."

Mtu akauliza kwa nini shemeji.

"Anakuja jioni, anakula kuku, na huwezi kumfukuza."

Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Wakafuata wengine, na wanawake wakaanza kutajana majina ya mashemeji zao. Balozi naye akacheka, akajaribu kuacha, akashindwa. Mkutano uliishia hapo bila kufungwa. Baba mdogo alichukua jembe lake akaondoka kwa njia ya juu, na hakuna aliyemtupia neno. Ningesema aliokolewa na yule aliyetaka kumfukuza, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kulisema, na mimi sikuwahi kumlazimisha.

Sasa sikilizeni la kutisha. Siku ya tatu baada ya kumtaja, paka aliingia jikoni. Nilitoka mtoni nikakuta kiota kipo, mayai yapo, kuku mweusi hayupo, na manyoya mawili kizingitini. Nilipiga yowe bibi akaja. Nilijua ni mimi. Nilikuwa nimemwita mbele ya kijiji kizima.

Bibi akapitisha mkono juu ya mayai. "Nilikwambia ukimtaja atakuja, amekuja," alisema. "Kuku mmoja kwa nyumba ya mtu. Tumepata kwa bei rahisi. Acha kulia, beba haya ukimbie kabla hayajapoa."

Nikamuuliza nikimbilie wapi.

"Kwa mgeni."

Nikaganda na kikapu mkononi. Bibi akanikodolea macho, halafu akaelewa, akacheka mpaka akashika mlango. "Wa chini, wewe. Yule mwenye kuku anayeatamia."

Mama Halima aliyapokea mayai bila swali. Akayahisi shavuni moja moja, akayasukuma chini ya kuku wake, aliyemdonoa mkono kisha akakubali. Vilipoanguliwa vifaranga tukagawana, na hatukujua kipi ni cha nani. Lakini kuku yule alikuwa wa kukulia ukingoni mwa msitu, na aliwalea kwa desturi zake. Akitoa sauti moja ndogo kooni, vyote vinazama chini ya majani, huoni hata kimoja. Nikigonga sahani vinaniangalia tu. Bibi alifurahi. Ile sahani tulimpa mbwa wa Baba mdogo alie chakula chake.

Hatukumshinda paka. Tulipobadilisha saa, naye akabadilisha, akaanza kuja alfajiri. Tulipokata maharage ya kando ya njia, akajua kupita juu ya ua. Kuku nao wakajua kulala juu ya peasi wote, wamemzunguka Kishingo kama wanafunzi wake. Mwaka hadi mwaka hivyo. Mara moja moja alipata, mara nyingi alikosa. Bibi akisali kabla ya kula alikuwa akishukuru kwa mvua, kwa viazi, kwa jirani, na kwa mgeni pia. Nilimuuliza unamshukuruje anayekuibia? Alisema kabla yake tulikuwa na kuku wanene na wajinga, na mimi nilikuwa mmoja wao. Huyo paka alitufanya sote tuwe na macho.

Na Baba mdogo na Mama Halima, mtauliza. Hawakuwa marafiki. Zile mbegu za viazi zilizochipua uvunguni, asubuhi moja Mama Halima alizikuta mlangoni pake ndani ya gunia, hakuna mtu. Alizipanda. Wakati wa kuvuna, kikapu cha viazi kikakutwa mlangoni kwa Baba mdogo, hakuna mtu. Wakaishi hivyo miaka yote. Yeye alijua saa gani Mama Halima yuko mtoni, basi anapita njia ya chini saa hiyo asimkute. Mama Halima naye alijua siku gani Baba mdogo anaumwa mgongo, anamtuma Halima akamkatie majani ya ng'ombe. Walijuana nyendo kuliko watu wengi wanaopendana. Hiyo nayo ni amani, msiidharau.

Mimi kwa jambo lile nilipata kazi yangu. Wanapokuja kwangu na kesi, mmoja anasema ameitwa hivi, mwingine anasema sikumwita hivi, siwaulizi nani kaanza. Namuuliza kila mmoja: neno hilo, nyumbani kwenu, mnalitumiaje? Mara nyingi ugomvi unaishia hapo. Mara nyingine namwona mtu anafuta tope ambalo halipo mguuni, na hapo najua pa kusubiri.

Mama Halima aliishi mpaka akawa bibi wa kijiji, wale waliomwita mgeni wakawa wameshazikwa wote. Alipolala kitanda cha mwisho nilikuwa nakwenda kumkanda miguu, mimi na Halima kwa zamu. Siku moja nikamwambia kitu nilichokibeba miaka yote. Nikamwambia, asubuhi ile uliponifungia mlango niliumia sana, nilijua umenichukia.

Alicheka kidogo, hana meno.

"Sikutaka uone ndani," alisema. "Mizigo ilikuwa imeshafungwa, mwanangu. Halima alikuwa na sufuria kichwani. Nilikuwa nangoja ukungu uinuke kidogo nione njia, tuondoke kabla hamjaamka. Ukapiga hodi."

Nikamuuliza sasa kwa nini hakuondoka.

"Nilisema ngoja nione kama mtoto huyu atakwenda kusema."

Nikaendelea kumkanda. Hakuwa na pa kwenda, na kila alichokuwa nacho kimefungwa kwenye kanga mbili nyuma ya mlango. Akakaa chini juu ya mizigo yake, na mtoto mgongoni, akaningoja mimi mpaka alasiri.